Kifaru ni Kifaru, Tangi ni Tangi

Mapenzi ya vijana wetu kwa vifaru vya vita na magari ya deraya yamewatia wasiwasi baadhi ya walimu wa huku Kibarani. Wanasema kwamba madaftari ya hisabati yamejaa michoro ya mizinga. Kwamba wako wavulana, na wasichana pia, wawezao kukueleza uzito wa kifaru cha Kirusi lakini wasioweza kukutajia mito mitano ya Kenya. Na kwamba msafara wa jeshi unapopita katika barabara kuu ya Mombasa na Malindi kuelekea Garsen na Lamu, darasa zima huhamia dirishani. Hofu yao ni kuwa tunalea kizazi kinachopenda vita. Nimeombwa rai yangu juu ya jambo hili zaidi ya mara moja, nami naitoa hapa: hofu hiyo naielewa, lakini siikubali.

Misafara hiyo haikuja kwa ajili ya kuwaburudisha watoto. Tangu Septemba 2015, serikali ilipoanzisha operesheni ya Linda Boni dhidi ya Al-Shabaab katika msitu wa Boni, magari ya deraya yamekuwa sehemu ya mandhari ya Pwani ya kaskazini, sawa na malori yabebayo chumvi ya Gongoni. Abiria wa mabasi ya Lamu wamezoea kusindikizwa na askari wenye silaha. Mtoto anayehesabu magurudumu ya gari la jeshi anauliza juu ya kitu kilichopita mlangoni kwake. Mwalimu akimwambia afunge mdomo na arudi kwenye mito mitano, hatakuwa amemwondolea vita. Atakuwa amemwondolea mtu wa kumuuliza.

Mimi ni mtu wa isimu, na njia yangu ya kulifikia jambo hili ni maneno. Lugha ya Kiingereza ilipata neno lake la chombo hiki kwa hila. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walipokuwa wakiunda mtambo huo katika mji wa Lincoln, walitaka kuificha siri yake, wakaeneza habari kwamba vile vyombo vikubwa vya chuma vilikuwa matangi ya maji. Mtambo ukaingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Flers nchini Ufaransa, siri ikafichuka, lakini jina la uongo likabaki. Mpaka leo Mwingereza hutumia neno moja kwa chombo kinachoua na kwa pipa la kuhifadhia maji juu ya paa.

Kiswahili hakikuifuata hila hiyo. Tangi kikaliacha dukani na kisimani, na mtambo wa vita kikauita kifaru, jina la mnyama mwenye ngozi ngumu, anayeona kwa shida na kushambulia kwa kasi. (Kamusi za zamani zimehifadhi pia jina pea kwa mnyama huyu, ingawa sasa ni wazee wachache wanaolijua.) Sijui kama lipo jina lililomfaa mwenyewe kuliko hili. Hata udhaifu wa kifaru wa chuma umo ndani yake, kwani askari waliofungiwa humo huona nje kupitia vitundu vidogo, na mtu aliyejificha karibu nao ana nafasi ya kuwadhuru.

Wanafunzi wa sarufi na waangalie pia jinsi lugha inavyotenganisha wawili hawa kwa upatanisho peke yake. Kifaru ameuawa: hapo tunamlilia mnyama. Kifaru kimeteketea: hapo tunazungumza juu ya chuma. Ndivyo ilivyo kwa ndege aliyetua mtini na ndege iliyotua Malindi. Mwandishi wa habari anayeandika kwamba vifaru watatu wamevuka mpaka amewatuma Wanyama Pori kazini badala ya Wizara ya Ulinzi.

Lakini kosa hilo ni la kuchekesha tu. Lililo zito zaidi ni hili la kuita kila gari lenye bamba la chuma kifaru. Kifaru hutembea kwa minyororo ya chuma, hubeba mzinga mkubwa juu ya nyumba inayozunguka, na kazi yake ni kuvunja ngome na kupigana na vifaru vingine. Gari la deraya la kubebea askari aghalabu lina magurudumu, na kazi yake ni kuwafikisha watu salama, hasa penye mabomu yaliyotegwa barabarani. Yale 30 ya VN-4 ambayo polisi wa Kenya walinunua China mwaka 2016 si vifaru. Yale 118 ya Hizir ambayo Kenya iliagiza Uturuki mwaka 2021 si vifaru. Mwishoni mwa Juni 2024, baada ya waandamanaji kuingia Bungeni, wanajeshi walipelekwa Nairobi wakiwa na magari ya deraya, na habari iliyovuma mitaani ikawa kwamba vifaru vimeingia mjini. Kuwatuma wanajeshi dhidi ya raia ni jambo zito la kutosha, na wananchi walikuwa na haki ya kulihoji mahakamani, kama walivyofanya. Lakini mwenye kuhoji akianza kwa kutaja kitu ambacho hakikuwapo, amempa mkubwa nafasi ya kukana yote. Kijana mpenda vifaru, aliyeangalia picha na kusema kwamba yale ni magari ya kubebea askari, hakuwa akijionyesha ujuzi. Alikuwa akitoa ushahidi.

Ushahidi wa namna hiyo tuliwahi kuuhitaji sana hapa Pwani. Tarehe 25 Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Faina iliyokuwa ikitoka Ukraine kuja bandari ya Mombasa. Ndani yake mlikuwa na vifaru 33 vya T-72, pamoja na silaha nyingine na risasi zake. Dunia nzima ikashtuka, manowari ya Marekani ikaenda kuilinda meli hiyo isije ikapakuliwa Somalia, na swali likazuka: vifaru hivi ni vya nani? Serikali yetu ilisema ni vyake. Hata hivyo, katika hati za shehena zilionekana herufi nne, GOSS, ambazo kwa Kiingereza ni kifupisho cha Serikali ya Sudan Kusini. Msemaji wa serikali wa wakati huo, Alfred Mutua, alieleza kwamba herufi hizo ni istilahi ya kijeshi ihusuyo ugavi wa silaha na usalama. Andrew Mwangura, aliyekuwa akiendesha shirika la kuwasaidia mabaharia hapa Pwani, na ambaye alikuwa amesema kwamba mzigo ulikuwa wa Sudan Kusini, alikamatwa mapema Oktoba na kufikishwa mahakamani.

Mabishano yote yakawa juu ya herufi nne. Nami, ambaye kazi yangu ni herufi, nakiri kwamba zisingeweza peke yake kulimaliza jambo, maana kifupisho hukubali kufasiriwa na yeyote mwenye kipaza sauti. Chuma hakikubali hivyo. Jeshi la Kenya liliagiza vifaru vyake kutoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970, navyo ni vya Vickers, vyenye mzinga wa milimita 105 na askari wanne ndani: kamanda, dereva, mpigaji na mpakiaji. T-72 ni chombo cha Kisovieti chenye mzinga wa milimita 125, na ndani yake wamo watu watatu, kwa sababu kazi ya mpakiaji hufanywa na mashine. Kombora la kimoja haliingii katika mtutu wa kingine. Vipuri ni vingine, karakana ni nyingine, mafunzo ni mengine. Nchi huru inaweza kununua silaha inakotaka, na hakuna sheria ya maumbile iliyoizuia Kenya kubadili mkondo. Lakini anayejua tofauti hizi angetaka kwanza kuonyeshwa wakufunzi, karakana na bajeti kabla ya kukubali maelezo. Wachunguzi wa silaha na waandishi wa habari waliliuliza swali hilo. Sisi wengine tulibaki kubishana kuhusu herufi.

Meli iliachiliwa tarehe 5 Februari 2009, baada ya kulipwa kikombozi kilichotajwa kuwa dola milioni 3.2, ikatia nanga Mombasa tarehe 12. Mwishoni mwa 2010, nyaraka za kibalozi za Marekani zilizochapishwa na WikiLeaks zilionyesha kwamba vifaru vilikuwa safarini kwenda Sudan Kusini, na kwamba shehena nyingine zilikuwa zimetangulia. Yule aliyekamatwa kwa kusema hivyo alikuwa amesema kweli.

Kwa hiyo siwezi kumwambia mwanafunzi kwamba kujua kipenyo cha mtutu ni upuuzi. Ninachomlaumia ni kuachia hapo. Yako mapenzi ya vifaru yanayoanza na kuishia kwenye chuma: unene, kasi, nguvu za injini, kipi kitakishinda kipi. Mapenzi hayo hayaulizi kifaru kimekwenda wapi baada ya kushushwa melini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Sudan Kusini Desemba 2013, miaka miwili na miezi mitano tu baada ya uhuru, vifaru vya T-72 vilikuwa miongoni mwa silaha zilizoelekezwa kwa wananchi wa nchi hiyohiyo. Maelfu wakakimbilia Kakuma. Watoto wao wamesoma katika shule za Kenya, na baadhi yao wameketi katika kumbi ninamofundishia wenzangu na mimi. Mpenzi wa T-72 ana mtu wa kumuuliza.

Wala mapenzi hayo hayaulizi ni nani aliyemo ndani. Ile mashine iliyochukua nafasi ya mpakiaji huweka makombora kwa duara chini ya miguu ya askari. Chuma kikitobolewa na moto ukayafikia, nyumba ya mzinga hung'oka na kurushwa angani. Tangu Februari 2022 picha za vifaru vya namna hiyo zimetujia kwa wingi kutoka Ukraine, na vijana huzitumiana kama mabao ya mpira. Kila moja ya picha hizo ni vijana watatu, umri wa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili.

Jirani zetu wa Tanzania wanalijua hili bila kuhitaji picha za mbali. Machi 1979, katika vita vya Kagera, majeshi ya Idi Amin pamoja na Walibya yaliwashambulia Watanzania huko Lukaya, yakiwa na vifaru vya T-55. Barabara ya pale inapita juu ya tuta lililokatiza kinamasi, na kifaru chenye tani zaidi ya 30 hakiwezi kujitosa kinamasini. Watanzania walirudishwa nyuma, kisha brigedi ya 208 ikazunguka na kumpiga adui ubavuni. Mwalimu wa jiografia angeweza kukimaliza kipindi kizima kwa tuta lile, na mito mitano ikapata nafasi yake humohumo. Mwalimu wa historia hana haja ya kwenda hata huko: Oktoba 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu Malindi, mwendo mfupi kutoka hapa, na Desemba ya mwaka huo vifaru vyepesi vya Afrika Kusini vilipigana El Wak, mpakani mwetu na Somalia.

Linabaki tatizo moja, nalo ni letu sisi wa lugha. Vijana hawa wakitaka kueleza wanachokijua hulazimika kuhamia Kiingereza, maana Kiswahili tumekipa jina la mnyama mzima tukasahau kutaja viungo vyake. Mzinga tunao, na ni neno tamu, kwani mtoto wa Kibarani aliujua kwanza ule wa nyuki. Deraya tunayo, lile vazi la chuma la askari wa kale. Risasi tunayo, na asili yake ni madini ya risasi yenyewe. Lakini ile nyumba ya chuma inayozunguka juu ya kifaru, iliyobeba mzinga, kila gazeti huiita jinsi lipendavyo, na mara nyingi huikwepa kabisa. Wengine wameandika mnara, jambo linalonishangaza, maana mnara ni mrefu nayo ni fupi. Mimi nimekuwa nikiiita kuba kwa sababu ya mviringo wake. Wanafunzi wangu wameipinga kuba, wakisema ni ya msikitini na haizunguki, wakapendekeza kichwa: kifaru hugeuza kichwa, kichwa chake kimeng'oka. Sijashawishika bado, na hoja zao nimezitundika ubaoni ofisini. Walimu wenye jina lililo bora, hasa wale ambao madaftari ya wanafunzi wao yamejaa michoro, na waniandikie.