Aljebra Si ya Kukremu, Ni ya Kupanga

Wanafunzi wa hisabati chuoni watanielewa haraka. Aljebra dhahania inawashinda wengi kwa sababu wanaisoma kama orodha ya kwenda sokoni: kundi hapa, ringi pale, fildi kule, kila moja na masharti yake ya kukremu usiku wa mtihani. Wiki ikiisha, yote yameyeyuka.

Na cha kushangaza, kupanga vitu vya aina hii tulishafundishwa, tena kwenye somo la Kiswahili. Unakumbuka ngeli? "Kiti" na "kipofu" yote yanaanza na ki-, lakini tunasema kiti kimefika, kipofu amefika. Ndiyo maana kipofu yuko A-WA, si KI-VI. Neno tunalipanga kwa vile linavyopatana na wenzake kwenye sentensi, hata kama sura yake inadanganya.

Hiyo ndiyo akili ya nadharia ya kategoria, ambayo Samuel Eilenberg na Saunders Mac Lane waliileta kwenye makala yao ya 1945. Kabla ya kupasua kitu uone ndani kuna nini, uliza kwanza: kinahusianaje na vingine? Uhusiano huo unachorwa kama mshale. Kwa makundi, mshale unaokubalika ni ule unaotunza hesabu: ujumlishe kisha ufuate mshale, au ufuate mshale kisha ujumlishe, jibu ni lile lile.

Sasa ona hasara ya kukremu. Unafundishwa teoremu ya kwanza ya isomofizimu kwa makundi. Baadaye inarudi kwa ringi, halafu tena kwa nafasi za vekta. Komredi anakariri uthibitisho mara tatu, na kumbe wazo ni moja tu: vitu vyote ambavyo mshale unavipeleka mahali pamoja, vihesabu kama kitu kimoja. Unachobaki nacho kinafanana kabisa na kile mshale ulichofikia upande wa pili. Angeambiwa hivyo mapema, angeokoa usiku mbili za kukesha.

Najua kuna watakaosema, "Mwanafunzi ajue mifano kwanza, mishale baadaye." Hapo niko nao. Bila mifano, mishale ni michoro tu. Lakini mifano yenyewe si iko nyumbani? Chukua saa ya ukutani. Saa 9 ongeza masaa 5, unapata saa 2. Hilo ni kundi. Ruhusu na kuzidisha, inakuwa ringi. Ila 3 mara 4 ni 12, na kwenye saa hiyo 12 ni sawa na sifuri, kwa hivyo si fildi. Siku za wiki nazo ni 7, nambari tasa, na hesabu ya kuzunguka kwa 7 inatoa fildi kamili.

Na usidhani kupanga kunaficha tofauti. Kunazianika. Ukiunganisha makundi mawili kwa jozi, unapata kundi. Ringi mbili, unapata ringi. Fildi mbili? Inakataa. Jozi (1,0) mara (0,1) ni (0,0), na hakuna kati ya hizo mbili iliyokuwa sifuri. Mwenye orodha hawezi kuliona hilo. Mwenye ramani analiona mara moja.

Kwa nini nakazana hivi? Kwa sababu wengi wanaokaa kwenye hayo madarasa ni walimu wa kesho. Mwalimu aliyekremu atafundisha kukremu, na watoto wetu wataendelea kuamini hisabati ni ya wenye vichwa maalum.

Kwa hivyo wahadhiri, wiki ya kwanza ya semista, tupeni ukurasa mmoja: maboksi, mishale, nini kinaongezwa kutoka boksi hili hadi lile. Na wewe mwanafunzi usiwangoje. Chukua karatasi leo, chora yako.