"Na Kwenu Mnakula Nini?"



Mhariri wetu ametuomba tuandike juu ya namna ya kutumia likizo fupi bila kufilisika. Mimi naandika juu ya safari iliyonifilisi kidogo, na bado nasema: ukipata nafasi, nenda. Ila nenda ukijua unakwenda kukutana na nini, maana mimi nilikwenda kichwa kichwa, nikarudi na aibu mbili ambazo sipendi na wewe uzipate.

Mwezi wa tano mwaka 2025 nilikuwa Bologna, Italia, kwenye kongamano la wahandisi. Lilipokwisha nikabakiwa na siku moja. Bologna ina chuo kikuu kinachohesabiwa kuanza mwaka 1088, na Waitalia wenyewe wanauita mji huo kwa majina ya utani: Msomi, kwa ajili ya chuo, na Mnene, kwa ajili ya chakula. Usomi nilikuwa nimeshiba. Nikajilipia ziara ya mapishi ya siku nzima: watu wanane, gari moja dogo, kiongozi mmoja. Euro 160. Nilipoigeuza kuwa shilingi mkono ulitetemeka, kwa sababu fedha hiyo nyumbani Tanga ingefanya mambo. Nikajiambia, Wazungu wanakuja Zanzibar kila siku kulipia ziara ya viungo, wanazungushwa mashambani wakinusa karafuu na mdalasini. Na mimi siku moja nizungushwe, jamani.

Nianze na la kwanza kabisa, viza. Sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tunaosoma Uingereza, viza ya masomo ya hapa haituvushi kwenda Italia. Lazima uombe ya Schengen: ada ya mtu mzima Euro 90, bima ya safari isiyopungua Euro 30,000, na maombi yafike angalau siku 15 kabla ya safari. Wenzetu darasani wanaamua Jumatano, Ijumaa wameondoka. Sisi hatuna anasa hiyo. Kwa hiyo usilipie ziara isiyorudisha fedha kabla viza haijatoka.

La pili, kikundi kidogo maana yake hakuna pa kujificha. Kwenye basi la watu 50 unaweza kulala kiti cha nyuma mpaka mwisho. Mkiwa wanane, mnajuana majina kabla ya kutoka mjini. Mimi nilikuwa Mwafrika peke yangu, na kijana kuliko wote. Kila nikiuma kitu, macho saba yananitazama nasemaje.

La tatu, mtaamshwa mapema, na msile kitu asubuhi. Tuliondoka saa moja na nusu kwa sababu jibini ile maarufu, Parmigiano Reggiano, hutengenezwa asubuhi. Maziwa ya jioni hulazwa usiku kucha mpaka malai yapande juu na kuenguliwa, halafu huchanganywa na maziwa ya asubuhi ndani ya masufuria makubwa ya shaba yenye umbo la kengele iliyopinduliwa. Hutiwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, yakishaganda yanavunjwavunjwa mpaka punje ndogo kama mchele, kisha moto unapandishwa hadi nyuzi 55 hivi. Kila gurudumu la jibini linakula karibu lita 550 za maziwa. Linalazwa kwenye maji ya chumvi karibu wiki tatu, halafu linawekwa rafuni miezi isiyopungua 12. Likikomaa lina uzito wa karibu kilo 40.

Mtu wa kukagua anapita na kinyundo, anagonga na kusikiliza. Sisi maabara tuna mashine ya mawimbi ya sauti ya kutafuta nyufa ndani ya chuma. Yule bwana ana nyundo na sikio, na kazi ni ile ile. Nilisimama pale nikasahau kabisa habari ya Euro 160.

Halafu nikagundua jambo. Wale wafanyakazi hawakuigiza kitu kwa ajili yetu. Walikuwa kazini, sisi ndio tuliowazibia njia. Hicho ndicho kipimo changu cha ziara nzuri sasa: je, kazi hii ingeendelea leo kama watalii wasingekuja? Ukiona inafanywa kwa ajili ya kamera tu, umelipia maigizo.

Sasa nije kwenye aibu ya kwanza. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa na sehemu ya kuandika vyakula usivyokula. Niliiacha tupu. Kwa nini? Malezi. Kwetu mgeni hachagui. Unacholetewa unakula, usichokiweza unakigusagusa huku unashukuru. Basi ikaletwa sahani ya nyama baridi zinazousifisha mkoa ule, zote za nguruwe, na mimi nguruwe sili. Nikasema nimeshiba. Saa nne asubuhi! Kiongozi wetu, dada mmoja mstaarabu, akanivuta pembeni akaniambia taratibu kwamba laiti ningeandika, angeniandalia kitu kingine, na sasa ameona kama amenidharau. Yaani heshima yangu imegeuka kuwa kosa. Kumbe kwenye ziara wewe ni mteja, na mteja anategemewa aseme. Ndugu zangu, andikeni. Na wale walio makini zaidi waulize hata habari ya jibini kabla ya kuonja, kwa sababu hicho kimeng'enya cha ndama wanazuoni wanatofautiana juu yake. Mimi niliuliza nikiwa nimekwisha meza.

Kutoka hapo tukapelekwa Modena kuona siki nyeusi inayotokana na maji ya zabibu yaliyochemshwa. Inakaa darini kwenye mapipa yaliyopangwa kuanzia kubwa mpaka dogo, ya miti mbalimbali, miaka isiyopungua 12, na ile ya daraja la juu miaka 25. Tulipewa tone kwenye kijiko. Ndivyo ziara hizi zilivyo: vidogo vidogo vingi. Ukitegemea sahani ya kujaza tumbo utanuna, lakini ukifika saa saba utajikuta umeshiba bila kujua umeshiba nini.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waitalia hawasubiri siku ya tatu. Mchana tulivalishwa aproni tukakanda unga: gramu 100 na yai moja kwa kila mtu. Halafu unausukuma kwa mti mrefu mpaka uwe mwembamba wa kupitisha mwanga. Hapo, bila kujisifu, niliwaacha wote. Mwalimu akauliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia nyumbani, nikisukuma chapati za futari tangu nina miaka tisa.

Kisha akatueleza habari iliyoniingia moyoni kama mhandisi. Mwaka 1972 watu wa Bologna walipeleka kwenye Chemba ya Biashara ya mji wao kipimo rasmi cha tambi zao bapa, tagliatelle, pamoja na sampuli ya dhahabu. Ikishapikwa, upana uwe milimita 8, ambayo wanasema ni sehemu moja kati ya 12,270 ya urefu wa mnara wao wa Asinelli. Mwaka 1982 wakapeleka na mapishi ya mchuzi wake wa nyama, na mwaka 2023 wakayapitia upya. Si utani. Nchi zetu zina viwango vya saruji na nondo. Pilau je?

Aibu ya pili ilikuja mezani, tukila tulichopika. Mama mmoja wa Kanada, mtu mzima, mwenye nia njema kabisa, akanigeukia akaniuliza, "Na kwenu mnakula nini?" Meza nzima ikanyamaza kusikiliza. Nikasema, "Ugali. Na samaki." Akauliza ugali unapikwaje. Nikasema, "Maji na unga." Wakatabasamu kwa adabu, mazungumzo yakahamia kwingine.

Maji na unga! Mtoto wa Tanga, niliyekulia pembeni ya mbuzi ya nazi, mwenye mama anayepika bada na mchuzi wa papa mpaka majirani wanatafuta sababu ya kubisha hodi. Ningeweza kueleza fomula za mtiririko wa joto kwa saa nzima, lakini chakula kilichonilea nilikieleza kwa maneno matatu.

Usiku ule nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekula?"

Nikamwomba anieleze mchuzi wa papa, mwanzo mpaka mwisho. Akacheka sana, akauliza kama huko Ulaya wamenifukuza chuo. Kisha akanieleza. Papa mkavu umroweke maji ya moto, umkwangue ngozi na mchanga. Tui la pili, lile jepesi, ndilo la kupikia na manjano, nyanya na embe bichi. Tui la kwanza liingie mwisho, na ulikoroge bila kuliacha mpaka lichemke, ukizubaa linakatika. Nikauliza nazi ngapi. "Inategemea nazi yenyewe." Chumvi je? "Kadiri." Kadiri ni gramu ngapi, mama? "Wewe si ndiye msomi?"

Nilikuwa nataka kuiweka kadiri kama kisingizio cha kutoandika. Lakini nilipotazama karatasi ya mapishi tuliyopewa mchana, mbele ya chumvi waliandika herufi mbili tu, q.b., yaani kiasi kinachotosha. Kumbe na wao wana kadiri! Tofauti ni kwamba wao waliiandika.

Najua wapo watakaosema hatukuja huku kujifunza kupika. Wengine watasema ziara hizi ni mchezo wa matajiri. Kuna ukweli, na sikushauri ukope ili uende. Wengine watasema chakula kikiandikwa kitaibiwa. Hapo nakataa. Jibini ile jina lake linalindwa na sheria za Ulaya, na mwaka 2008 mahakama yao iliamua kwamba hata neno "Parmesan" linaliegemea jina hilo. Ulinzi huo ulianza na watu waliokubaliana na kuandika kitu chao ni kipi. Hata kwetu mlango umefunguliwa: mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili, na mwaka huo huo ikakiorodhesha chakula cha Senegali cha wali na samaki, ceebu jën.

Wala haihitaji serikali. Mwaka 1891 mfanyabiashara mmoja, Pellegrino Artusi, alichapa kwa gharama zake mwenyewe kitabu cha mapishi ya nyumbani. Italia ilikuwa na miaka 30 tu tangu iungane. Wasomaji wakawa wanamwandikia barua na mapishi yao, kitabu kikanenepa toleo baada ya toleo. Hakuwa mpishi wa kazi.

Basi pendekezo langu kwa chama chetu ni hili. Kila mwaka usiku wa Afrika tunapika pilau, sambusa na mandazi, tunagawa bure, watu wanakula wanaondoka bila kujua walichokula kimetoka wapi. Mwaka huu kila mmoja wetu ampigie simu mama, bibi, shangazi au yeyote aliyemlisha, aandike pishi moja. Tukipata 30 tunacho kijitabu cha kuweka mezani. Fanyeni hima, maana wengine simu hizo hawana tena wa kuzipokea.

Mimi nimeshaanza. Mchuzi wa papa uko kwa mhariri, na mbele ya chumvi nimeandika: kadiri.