ORDINATERE YA BEI NDOGO: TUNGOJEE AU TUNUNUE?



Tangu mwanzo wa trimestri hii maneno yamekuwa mengi katika uwanja wa shule juu ya ordinatere ya mezani. Kila mtu ana habari yake. Mmoja anasema kule Bulaya wanakaribia kutoa mashine mpya ya dola 50. Mwingine ameona picha yake katika telefone ya kaka yake. Wa tatu, ambaye hajaona kitu, anaapa kwamba mwaka ujao bei zote zitaanguka. Na mwisho wa mazungumzo ni uleule: «Tungojee kwanza, mashine ya bei chini iko inakuja.»

Sisi tunaoandika gazeti hili hatukubali. Sanduku la klabu ya informatiki lina dola 180. Makuta hayo yalichangwa kidogo kidogo na wanafunzi na wazazi kwa muda wa miaka miwili, na sasa yamelala tu. Sisi tunaona yafanye kazi mwaka huu, kabla wafinalisti hawajatoka. Kwa maana hao njo waliochanga wa kwanza, tena njo watakaoondoka bila kugusa kitu.

Tukumbushe kwanza ginsi tunavyosoma informatiki hapa. Tunaisoma kwa chaki. Mwalimu anachora ekrani ubaoni, na klavye tunayo ya karatoni, yenye herufi A, Z, E, R, T, Y zilizoandikwa kwa mkono. Tunapiga vidole juu ya karatoni na karatoni haijibu. Mwalimu hana kosa, anafanya awezavyo, na hata tunamshukuru. Lakini mkubwa wetu mmoja aliyekwenda universite alituambia kwamba siku ya kwanza alijua kueleza memwari ni nini na diski ni nini, ila alitafuta mahali pa kuwashia mashine mpaka jirani yake akamwonyesha.

Sasa tuje kwenye uvumi wenyewe. Si jambo la leo. Mwisho wa mwaka 2004, kule Marekani, gazeti moja la intaneti liitwalo Think Secret liliandika kwamba kampuni ya Apple, ambayo vitu vyake vilijulikana kwa bei ya juu, ilikuwa inatayarisha ordinatere ndogo ya mezani ya dola 499. Apple wakakasirika, wakalishtaki gazeti lile mbele ya mahakama mwanzo wa Januari 2005. Siku chache tu kisha, tarehe 11 Januari, Steve Jobs akapanda jukwaani akaonyesha mashine yenyewe, jina lake Mac mini, na bei yake ilikuwa dola 499 kamili. Basi redio ya barabarani ilisema kweli! Lakini angalieni kilichokuwa ndani ya karatoni: kisanduku na waya zake. Ekrani hakuna. Klavye hakuna. Panya hakuna. Mnunuzi alete vyake kutoka nyumbani.

Mmarekani aliyekuwa na ekrani ya zamani mezani hakuona taabu. Sisi ambao mezani petu kuna kitambaa na taa, tungefanya nini na kisanduku kile?

Mwezi uleule wa Januari 2005 ukatoka uvumi mwingine mkubwa zaidi. Kule Davos, Nicholas Negroponte wa chuo cha MIT alitangaza ordinatere ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Haikuwa ya mezani, ilikuwa ya kubeba, lakini mafikiri ni yaleyale. Ilipotoka kiwandani mwisho wa mwaka 2007 bei yake ilikuwa imefika karibu dola 190. Zaidi ya hayo, wanunuzi waliokusudiwa ni serikali, na tena kwa maelfu. Shule yenye dola chache haikuweza kwenda dukani kuomba tano. Jirani zetu wa Rwanda walipata nyingi. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, hatuitukani: ekrani yake ilisomeka hata katika jua kali, na umeme iliokula ni kidogo. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 12 siku ya Davos leo amepita miaka 30. Kama ni wa kwetu huku, na kama aliambiwa angoje ile ya dola 100, alimaliza shule bila kuiona.

Kuna mashine moja tunayoisifu kwa moyo wote, nayo ni Raspberry Pi. Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliona kwamba wanafunzi wanaofika universite hawajui tena kuandika programu, wakatengeneza kibao kidogo sawa na kadi ya uchaguzi. Kikatoka tarehe 29 Februari 2012, kwa dola 35. Watu walikikimbilia hata tovuti za wauzaji zikaziba siku ileile. Kisha, Novemba 2020, ikatoka Raspberry Pi 400, ambayo ordinatere nzima imefichwa ndani ya klavye, kwa dola 70. Na Desemba 2024 ikafuata Raspberry Pi 500: dola 90 peke yake, au dola 120 pamoja na panya, waya ya umeme na kitabu cha kuanzia. Wale wanaopiga kelele uwanjani juu ya mashine ya dola 50, tunadhani habari hizi njo walizozisikia, zikapungua dola njiani.

Basi tupige hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Dola 120 za mashine, kwa bei ile ya Desemba 2024. Ekrani ambayo watu haohao wa Cambridge waliitoa wakati uleule ilikuwa dola 100. Hapo tumefika 220, na mzigo bado uko Uingereza! Ongeza ndege, ongeza duane, ongeza yule mtu wa mjini atakayesema anajua njia. Na ikiharibika, nani hapa atafungua klavye ile aitengeneze? Kwa dola zetu 180 tungepata nusu ya kitu, na nusu ya ordinatere ni pambo.

Wengine watasema: «Lakini bei zinashuka kila mwaka.» Si kila mwaka. Oktoba 2021, vipuri vya elektroniki vilipokosekana duniani, hata Raspberry Pi, ambayo ilikuwa inajivunia kutopandisha, ilipandisha: ile ya memwari ya giga 2 ilitoka dola 35 ikaenda 45. Na mwisho wa mwaka 2025 bei ya memwari ilipanda vikali, kwa kuwa makampuni yanayotengeneza akili ya mashine yalikuwa yanainunua kwa wingi mno. Mwenye kungoja bei ishuke anaweza kukutana nayo inapanda ngazi. (Tuseme na hili kwa upande: koltani inayochimbwa Masisi inatoa tantale, na tantale inaingia katika vipuri vidogo vya mashine hizi hizi. Udongo unasafiri bei chini, unarudi bei juu. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.)

Sisi tunashauri kitu kisicho na sifa nyingi: ordinatere ya mezani iliyokwisha tumika ofisini, kubwa, nzito, yenye mavumbi ndani. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alitutajia dola 120 pamoja na ekrani, klavye na panya, na tunaamini anaweza kushuka kidogo akiona makuta mkononi. Kwa nini mashine hizi ni nyingi sasa? Sababu iko wazi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 kama zamani, na Windows 11 inakataa mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Mashine hizo hazijafa, zimekataliwa tu. Ukiweka Linux, ambayo haiulizwi bei, zinaendelea kufanya kazi: kuandika barua, kutengeneza tablo za hesabu kwa wenzetu wa komersiali, kujifunza programu. Kuna hata Kiwix, ambayo inaweka Wikipedia ya Kifaransa ndani ya diski, ukasoma bila intaneti hata kidogo. Huo ni maktaba mzima, na maktaba yetu mnaijua.

Tena mashine ya mezani ina tabia moja tunayoipenda: viungo vyake vimeachana. Klavye ikifa, unazika klavye peke yake. Ekrani ikizimika, unaazima nyingine. Fundi yeyote wa mjini anafungua misumari minne na kuona ndani. Na mwizi, tusifichane, hawezi kuificha chini ya koti.

Tuseme pia ubaya wake, kwa maana mwalimu wetu wa fizikia hakutuacha tupumzike juu ya jambo hili. Ubaya ni umeme. Mashine ya namna hii pamoja na ekrani yake inaweza kula karibu wati 80. Raspberry Pi na ekrani ndogo hazifiki 30. Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 ina nguvu ya wati-saa 1200, lakini anayetaka iishi asiinywe zaidi ya nusu. Basi tuna 600. Gawanya kwa 80, toa kile kinachopotea njiani, unabaki na saa 6 hivi. Kwa Raspberry Pi ungepata mara mbili zaidi na kitu juu. Hapo tunakubali: kwa umeme, ile mpya inashinda wazi, na kama shule ingekuwa na dola 300 tungeandika makala nyingine.

Lakini saa 6 si kidogo. Shule ina batri ya namna hiyo na pano za jua za wati 200 juu ya ofisi, ambazo mchana haziwashi taa yoyote. Siku yenye jua zinatosha kurudisha kilichotumika. Wanafunzi watatu wakikaa mbele ya mashine kwa nusu saa, mmoja akipiga na wawili wakitazama na kusahihisha, kisha wanabadilishana, kwa saa 6 wamepita wanafunzi 36. Kwa siku tano ni 180. Siku za mvua tutarudi kwa karatoni, na grupe tusiiguse, kwani mafuta yake yatakula sanduku kabla ya mwezi kwisha.

Umeme unaokatika ghafula ni adui wa mashine zote mbili, lakini Raspberry Pi nyingi huweka kila kitu juu ya kadi ndogo kama ya telefone, na kadi ile umeme ukikatika inapoandika, mara nyingine huharibika. Diski ya kawaida nayo haipendi, ila huvumilia zaidi.

Kuna rafiki aliyetuuliza kwa nini tusitumie telefone tu. Ajaribu kuandika travai ya kurasa kumi kwa kidole gumba, kisha arudi tuzungumze.

Kuhusu kununua, tunaomba wasiende watu wawili usiku wakarudi na mzigo. Aende mwalimu, aende mwanafunzi wa kila kitengo, na fundi tunayemjua sisi, si yule wa muuzaji. Mashine iwashwe ikae saa nzima mbele yao. Wasikilize feni: ikilia kama mashine ya kusaga mihogo, wapunguze bei au waondoke. Waulize memwari: giga 4 ni kidogo ila inawezekana, 8 ni vizuri. Waulize diski, na ikiwa ni ile isiyozunguka watatuletea furaha. Kama saa yake inaonyesha mwaka wa zamani kila inapowashwa, wasiogope: kuna kibatri kidogo cha mviringo ndani kilichokufa, kama cha saa ya mkono, na kukibadilisha si gharama. Lakini wasimwambie muuzaji kwamba wanajua hivyo! Klavye ikiwa na herufi za Kiingereza au Kiarabu, haidhuru, tutabandika karatasi ndogo juu yake. Baada ya karatoni hatuogopi klavye yoyote.

Kinachobaki, dola 60 hivi, kisitumiwe kwa soda. Kiwe cha kurekebisha umeme, cha kufuli ya mlango, na cha panya wa pili, kwa maana panya njo wa kwanza kufa.

Tunajua wengine bado watashika lao, na katika darasa la tatu ni wengi. Nao wana haki yao, waandike, tutachapa. Ila tunawaomba waje na tarakimu: mashine gani, bei gani mpaka hapa mezani, na siku gani itafika. Karatasi zitolewe kwa kapita wa kila darasa kabla ya Ijumaa saa sita. Bwana Prefe wa masomo ametupa sala ya pili kwa mkutano wa Jumamosi, na mwenye ufunguo wa sanduku ameahidi kuja nao.