"Deem" si Kudhani

Tumekwisha kusikia mara nyingi ya kuwa kufasiri sheria ni kazi ndogo, awezayo kila karani mwenye kamusi mezani. Sisi hatukubali. Liko neno moja la Kiingereza ambalo Waingereza wenyewe hawalitumii sana katika mazungumzo, walakini katika sheria zao halikosekani, nalo ni "deem". Makarani wengi huliandika "kudhani"; wengine huandika "kuchukuliwa". Twasema ya kwamba yote mawili yamdhuru mkulima, na la pili zaidi.

Asili ya neno hili ni kuhukumu. Hata leo katika kisiwa cha Man majaji wa mahakama kuu huitwa "deemster". Baadaye maana ililegea, ikawa kuona au kufikiri, na sheria imezishika maana zote mbili. Sheria ikimpa mkubwa ruhusa ya kutenda kama aonavyo vema, neno litumikalo huwa ni hilo hilo, na hapo "kuona" yatosha. Hatuna ugomvi.

Ugomvi wetu uko pale sheria inapoamuru ya kuwa kitu hiki "shall be deemed" kuwa kitu kile. Hapo hapana mtu anayedhani. Sheria yajua ya kuwa hiki si kile, au ya kuwa watu wana shaka, nayo yaamuru kihesabiwe hivyo. Lord Radcliffe, katika shauri la St. Aubyn lililochapishwa mwaka 1952, alieleza kuwa neno hili mara hulazimisha maana isiyo ya asili, mara huondoa shaka tu. Mtu wa pwani hahitaji Lord kumfundisha jambo hili. Watoto walionyonya ziwa moja si ndugu wa damu, na kila mtu ajua. Lakini sharia ya Kiislamu yawahesabu ndugu, wasioane. Wala hawarithiani kwa sababu ya kunyonya huko, maana kuhesabiwa kuna mpaka wake. Je, nani angesema ya kuwa "wanadhaniwa" ndugu? Mchumba angejibu, "Dhana yenu si kweli," akaoa.

Tena si kila kuhesabiwa hakupingiki. Kwa Sheria ya Tafsiri ya Uingereza ya mwaka 1889, barua yenye anwani sahihi, iliyolipiwa na kutiwa posta, ilihesabiwa kuwa imefika kwa wakati wa kawaida wa posta, isipokuwa kinyume chake kimethibitishwa. Karani akiyaangusha maneno hayo ya mwisho, amemfungia mlango mtu ambaye barua haikumfikia.

Sasa tuje kwenye ardhi. Sheria ya Tanganyika ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma, chini ya Gavana. Mwenye hati alikuwa na haki aliyopewa na Serikali. Na mwenyeji asiye na hati je? Mwaka 1928 sheria ilirekebishwa, na haki ya mwenyeji atumiaye ardhi kwa mila ikatiwa ndani ya maana ya haki ya kumiliki. Wanasheria wakaiita "deemed right of occupancy". Ifasirini "haki inayodhaniwa", na mkulima ambaye babu yake amezikwa shambani amekuwa mtu wa kudhaniwa, naye mwenye karatasi ndiye mwenye haki ya kweli. Au mwambieni kijijini ya kuwa ardhi yake "itachukuliwa kuwa...", wazee watakuwa wamekwisha kusimama kabla hamjafika "kuwa". Hatuwalaumu.

Wala si hofu ya bure. Sheria Na. 22 ya mwaka 1992 ilikusudia kufuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa. Mkulima mmoja na mwanawe wakaipinga mahakamani, wakashinda, Serikali ikakata rufani. Katika shauri hilo, la Mwanasheria Mkuu na Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua mwaka 1994 ya kuwa haki hizo ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, wala mtu hanyang'anywi bila fidia ya haki. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 18, ikasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na ile iliyotolewa na Serikali. Mahakama imesema ni mali, Bunge limesema ni sawa, na karani bado aandika "inadhaniwa"!

Wako watakaojibu ya kuwa tafsiri ni tafsiri tu, Kiingereza ndicho kitakachoamua. Hoja hiyo imezeeka. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania, na maneno yatokayo mikononi mwa wafasiri ndiyo yatakayosomwa mbele ya hakimu.

Basi twaiomba Halmashauri ya Chama ilipeleke jambo hili kwa wafasiri. Penye maoni ya mtu, waandike "kuona". Penye amri ya sheria, "kuhesabiwa". Na "kudhani" waliachie dhana ingojayo ushahidi. Tena kila rasimu ihusuyo ardhi isomwe kwa sauti, kabla ya kutiwa mhuri, mbele ya mtu asiyejua Kiingereza. Akiuliza, "Itachukuliwa na nani?", irudishwe mezani.