Gari la Mlimani kwa Dereva Asiyetumia Miguu

Landrova ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya mkulima mwenye miguu miwili yenye nguvu. Klachi yake ilikuwa nzito, breki yake ilidai mguu mzima, na kiti chake kilikuwa juu kiasi cha kumlazimu dereva kupanda kama apandaye ngazi. Gari hilo, pamoja na Toyota Land Cruiser lililofuata, ndilo lililowafikisha mabwana shamba, waganga na wakaguzi wa shule katika vijiji vya Mgeta, Matombo na Kinole. Hivyo tangu mwanzo kazi ya utumishi katika Milima ya Uluguru ilifungamana na miguu ya dereva, na jambo hilo likachukuliwa kuwa ni la maumbile. Kumbe halikuwa la maumbile. Ni uamuzi wa wasanifu, na uamuzi wa msanifu mmoja waweza kurekebishwa na msanifu mwingine.

Watu wanaohusika si wachache wala si wa kufikirika. Virusi vya asili vya polio vilionekana Tanzania kwa mara ya mwisho mwaka 1996, na tarehe 25 Agosti 2020 Bara la Afrika likatangazwa kuwa limeepukana navyo. Lakini waliopatwa na ugonjwa huo utotoni, kabla ya ushindi huo, wangali hai, wengi wao wakiwa watu wa makamo, wenye elimu na ujuzi wa kazi. Pamoja nao wapo waliovunjika uti wa mgongo kwa ajali za barabarani au kwa kuanguka mitini. Mwalimu au bwana shamba wa namna hiyo hupangiwa kazi mjini Morogoro, penye lami, naye huambiwa kwa upole kwamba milima haimfai. Maneno hayo yana huruma ndani yake, lakini hayana hesabu. Ni nani aliyepima?

Jambo la kumwezesha mtu kuendesha gari kwa mikono peke yake si geni duniani. Franklin Roosevelt, aliyepooza miguu mwaka 1921 na baadaye akawa Rais wa Marekani, alikuwa na gari aina ya Ford la mwaka 1936 lililofungwa nyenzo za mkono, naye alilizungusha mwenyewe katika njia za shamba lake huko Hyde Park. Wala hapana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Katika mitaa ya Dar es Salaam waendesha bajaji wenye ulemavu wa miguu wamekwisha zoeleka. Siri yao ni rahisi. Bajaji ya kawaida ina klachi na gia katika mkono wa kushoto na mafuta katika mkono wa kulia. Kazi iliyobaki kwa mguu ni breki tu. Fundi huunganisha fimbo ya chuma na pedeli hiyo moja, akaipandisha hadi mahali mkono unapofika, na dereva akaenda zake kutafuta riziki.

Lakini bajaji haipandi Uluguru ipasavyo. Mji wa Morogoro upo kwenye mwinuko wa meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinachoutazama kimezidi meta 2,100. Barabara zinazoingia katika milima hiyo hupita kwenye udongo mwekundu, ambao wakati wa masika huteleza kama sabuni. Gari lenye gurudumu moja mbele na injini ndogo halifai hapo. Linatakiwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa gari hilo lina pedeli tatu, na pamoja nazo lina usukani, mkono wa gia, breki ya mkono, na wenzo wa kuingizia gia za nguvu. Katika Landrova za zamani nyenzo hizo za ziada zilikuwa mbili, moja yenye kirungu cha manjano na nyingine yenye kirungu chekundu. Mikono ya binadamu ni miwili. Fundi anayehamishia kila kitu mikononi bila kufikiri humpa dereva kazi ya watu watatu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuiondoa klachi katika hesabu. Gari lenye gia za otomatiki halina pedeli ya klachi. Nguvu ya injini hupitishwa katika mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo kilichofungwa, hata gari likaweza kuanza kupanda mlima polepole bila injini kuzimika. Wapo madereva wa zamani wanaodharau gia za otomatiki, wakisema ni za wavivu wa mjini. Dharau hiyo haina msingi wa kisayansi. Gari la otomatiki lenye gia za nguvu hupanda vizuri sana, na linaposhuka, likiwekwa katika gia ya chini, injini yenyewe husaidia kulizuia, ingawa pengine si kwa uthabiti wa gia za kawaida. Kila kazi inayofanywa na injini ni kazi ambayo mkono hautaifanya.

Hatua ya pili ni breki na mafuta. Mtindo uliozoeleka katika nchi nyingi ni wenzo mmoja karibu na usukani: ukisukumwa mbele hukanyaga breki, ukivutwa nyuma huongeza mafuta. Mkono mmoja hushika wenzo huo, na mkono wa pili huzungusha usukani kwa kutumia kirungu kilichofungwa juu yake. Katika lami mtindo huu una busara. Gari linapofungiwa breki ghafla, mwili wa dereva hutupwa mbele kwa sababu ya inesha, na mtupo huo huuongezea mkono nguvu ya kusukuma.

Hapa ndipo mwanafunzi wa fizikia anapoweza kumsaidia fundi. Na ichukuliwe kwamba breki ya gari fulani inataka mguu uikanyage kwa nguvu ya nyutoni 300. Mkono haupaswi kudaiwa nguvu hiyo kila mara. Fundi akitengeneza wenzo ambao mkono wa jitihada ni mara tatu ya mkono wa mzigo, dereva atasukuma kwa nyutoni 100 tu. Lakini nyenzo hazitoi kitu bure. Ikiwa pedeli husafiri sentimeta 8, mkono utalazimika kusafiri sentimeta 24, na dereva ambaye amefungwa kitini hana nafasi ya kujinyoosha kiasi hicho. Kwa hiyo urefu wa wenzo hauwezi kukatwa kwa kukisia gereji. Hupatikana kwa kumpima dereva mwenyewe, akiwa amekaa katika kiti chake, kutoka begani hadi kiganjani.

Halafu mlima huleta jambo ambalo lami hailijui. Mtu aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu hupoteza, pamoja na miguu, misuli inayokishika kiwiliwili kisimame wima. Na achukuliwe dereva ambaye kiwiliwili chake pamoja na kichwa na mikono ni kilo 35, anashuka mteremko unaoporomoka meta 1 kwa kila meta 5 za njia. Sehemu ya uzito inayomvuta kuelekea mbele ni 35 × 10 × 1/5, yaani nyutoni 70. Sehemu ya nguvu hiyo hupokewa na nyonga na kiti. Hata hivyo, ikiwa nusu tu itaifikia mikono, ni nyutoni 35, zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya breki iliyotajwa hapo juu. Maana yake ni kwamba dereva anafunga breki bila kukusudia, mfululizo, katika udongo unaoteleza. Magurudumu yakijifunga katika matope, usukani hauna tena kazi, na upande mmoja wa njia ni bonde.

Ndiyo kusema kwamba wenzo uleule uliosifiwa katika lami unaweza kuwa mtego mlimani, usipoandamana na ukanda mpana wa kifuani na kiti chenye mbavu za kumzuia dereva asiangukie ubavuni. Vilevile kuvuta kwa ajili ya mafuta hakufai katika njia yenye mashimo, kwani kila mshtuko unaomrudisha dereva nyuma huongeza mafuta asiyoyataka. Afadhali mafuta yaongezwe kwa kuzungusha kishikio, kama katika pikipiki, na kusukuma kubaki kuwa kazi ya breki peke yake. Mafundi wengi wa Morogoro wanazijua waya na vishikio vya pikipiki kuliko wanavyojua jambo lingine lolote. Kwa bahati njema, suluhisho linalofaa zaidi ndilo lililo karibu nao zaidi.

Yapo mambo madogo ambayo husahauliwa kwa sababu aliye na miguu hayaoni. Katika magari mengi ya zamani, vitovu vya magurudumu ya mbele vina kufuli ambayo dereva hushuka kuifunga kwa mkono kabla ya kuingia matopeni. Asiyeweza kushuka afungiwe vitovu visivyo na kufuli hiyo, hata kama gari litakula mafuta zaidi kidogo. Sakafu iliyo juu ya giaboksi hupata moto, na mtu asiyehisi miguuni huweza kuungua bila kujua. Hapo pawekwe kizuizi cha joto. Kiti kigumu chenye kutetemeka saa nzima huleta vidonda vya makalio ambavyo huchukua miezi kupona, na vidonda hivyo huweza kumtoa mtu kazini. Pedeli za asili zisikatwe, ili mtu mwingine aweze kuliendesha gari panapotokea haja, bali zikingwe zisiguswe na mguu unaoshtuka wenyewe. Na fimbo yoyote isichomelewe kwenye mhimili wa usukani. Ifungwe kwa boliti, ikaguliwe kila mwezi.

Pingamizi linalosikika mara nyingi ni hili: je, si rahisi zaidi mtumishi huyo apewe dereva? Pengine ni rahisi kwa mwezi wa kwanza. Lakini dereva naye hulipwa, huugua, huenda likizo, na siku asipokuwepo mtaalamu hukaa ofisini kutwa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: gari likinasa, asiye na miguu atafanyaje? Winchi na simu vitasaidia, na safari za masika zisiwe za peke yake. Hata hivyo isisahauliwe kwamba gari linalonasa katika njia ya Kinole haliulizwi hali ya miguu ya dereva wake. Kijiji chote hulisukuma, na mwenye miguu mizima husimama kando akitoa amri ambazo hakuna anayezifuata.

Tatizo halisi lipo mahali pengine. Tangu Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, 1981, nchi imetunga sheria za kuwalinda watu hao, zikiwemo zile mbili za mwaka 1982 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo inasamehe ushuru wa gari lililobuniwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu. Msamaha huo ni mwema, lakini unatazama kitu kinachoshuka bandarini kikiwa kimekamilika, na magari ya namna hiyo kwa kawaida ni ya chini, ya kutembelea lami. Landrova kuukuu iliyorekebishwa na fundi kwa ustadi mkubwa inahitaji msaada wa namna nyingine: inahitaji kupimwa na kuthibitishwa, ili fundi hodari atofautishwe na anayebahatisha.

Mfano wa kufuata upo nchini. Chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa Moshi mwaka 1981 kando ya hospitali ya KCMC kufundisha mafundi wa viungo bandia, baadaye kilifundisha pia ufundi wa viti vya magurudumu. Msingi wa mafunzo ya namna hiyo ni kwamba mtumiaji hupimwa kwanza, na ardhi anayoikanyaga hutazamwa, ndipo chuma kikakatwa. Ndiyo sababu kiti cha ardhi mbaya hupewa gurudumu moja la mbele lililosogezwa mbali, lisije likazama mchangani. Morogoro ina chuo cha VETA Kihonda, ina Chuo Kikuu cha Sokoine chenye wahandisi wa zana za kilimo, na ina milima ya kufanyia majaribio umbali wa mwendo mfupi kutoka mjini. Kipimo kiandikwe kwa Kiswahili, katika kurasa chache: nguvu isiyopaswa kuzidishwa mkononi, mteremko ambao gari lisimame na kutulia juu yake, na jaribio la kushuka na matope.

Shule za sekondari hazina sababu ya kungoja. Mizani ya kuning'inia ambayo wafanyabiashara hupimia magunia sokoni yatosha kuvuta pedeli ya breki ya gari lililosimama, injini ikiwa inanguruma na breki ya mkono imefungwa, na kusoma ni kilo ngapi zinatakiwa mpaka pedeli ishuke. Somo hilo lirudiwe injini ikiwa imezimwa na pedeli imekwisha kanyagwa mara kadhaa, ili wanafunzi waone tofauti inayoletwa na sevo. Kisha tarakimu hizo mbili ziandikwe ubaoni, na kila mwanafunzi ajaribu kusukuma mizani hiyohiyo kwa mkono mmoja, amekaa, mgongo wake haugusi kiti.