Mnyonge naye asiwe mnyonyaji

Siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, kama ilivyotangazwa katika Azimio la Arusha mwezi Februari 1967, ilijengwa juu ya msingi ulio rahisi kuutamka na mgumu kuutekeleza: kila mwenye nguvu ale jasho lake, na pasiwe na mtu wa kumnyonya mwenziwe. Wananchi walilipokea Azimio lile kwa maandamano marefu ya miguu. Walilielewa upesi, kwa kuwa mnyonyaji aliyetajwa alikuwa akionekana kwa macho: kabaila mwenye mashamba, bepari mwenye viwanda na majumba ya kupangisha.

Lakini Azimio hilo hilo lilikuwa na sehemu ambayo haikuimbwa sana katika maandamano. Lilisema wazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, hali wanaume wa vijijini huishi nusu ya maisha yao kama watu walio likizoni. Mwezi Septemba mwaka huo huo, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba hata jamii ya jadi, pamoja na sifa zake zote za udugu, ilikuwa na kasoro ya kumweka mwanamke chini. Zaidi ya nusu karne imepita tangu maneno hayo yatamkwe. Ni haki kuuliza kwa nini mnyonyaji wa nje alishambuliwa kwa nguvu kiasi kile, na yule wa ndani ya nyumba akaachwa anywe chai yake kwa raha.

Mfano wa kahawa katika mikoa ya Kagera na Kilimanjaro unatosha kulieleza jambo lenyewe. Mwanamke hupalilia migomba na mibuni iliyopandwa pamoja nayo, huchuma, huanika, na mara nyingi ndiye abebaye mzigo kichwani hadi chama cha msingi. Hata hivyo jina lililo katika daftari la wanachama kwa kawaida ni la mume, kwa sababu shamba huhesabiwa kuwa la mume. Na fedha hulipwa mwenye jina. Baada ya hapo mke hurudi nyumbani kuomba chumvi, sabuni na sare za watoto, kana kwamba anaomba hisani. Tajiri angemtendea kibarua wake hivyo, wanaume wa kijiji kizima wangepiga kelele kwamba ameonewa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hakuna sheria ya nchi isemayo kwamba mwanamume atapumzika wakati mkewe akitwanga, au kwamba yeye ndiye wa kuuliza na kamwe si wa kuulizwa. Haki hizo hazikuandikwa popote, na ndiyo maana ni vigumu kuzifuta. Mtoto wa kiume huzipata kabla hajajua kusoma, pale dada yake anapotumwa maji na yeye akaachwa acheze. Akifika utu uzima haoni kuwa amepewa kitu. Huona kuwa ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa.

Watetezi wa hali hiyo husema kwamba hizi ni mila za wazee. Hoja hiyo haina budi kupimwa kwa historia. Nyingi kati ya zinazoitwa mila zilipata ukali wake wakati wa ukoloni. Waingereza walitawala kwa kuwatumia machifu na wazee, na wazee hao wa kiume ndio walioulizwa mila ni nini. Si ajabu kwamba majibu yao yaliwafaa wao. Zao la kudumu kama kahawa lilipoingia, ardhi ya ukoo ikawa na thamani ya fedha, na kila penye fedha paliwekwa mlinzi mwanamume. Baada ya Uhuru kosa hilo halikusahihishwa. Amri ya mwaka 1963 iliyoziandika mila hizo ilimweka binti kwa kawaida katika daraja la mwisho la warithi, na ikasema kwamba ardhi ya ukoo mwanamke aweza kuitumia maishani mwake lakini asiiuze.

Matokeo yake yalionekana katika kesi moja mashuhuri iliyotoka Kagera. Baba alimwachia binti yake shamba kwa wosia halali. Binti huyo alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza, aliliuza mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake akamfungulia mashtaka, akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo, na Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Ukoo uliokosa mtu wa kumtunza bibi huyo haukukosa mtu wa kumshtaki. Shauri lilipofika Mahakama Kuu mjini Mwanza mwaka 1990, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Miaka saba kabla yake, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilikwisha kuamua kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa.

Bunge nalo halikulala. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilibatilisha mila yoyote imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na ikaagiza kwamba katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji wanawake wasipungue 3. Hata hivyo, mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliona kwamba Tanzania imekiuka haki za wajane wawili walionyimwa urithi wa waume zao kwa kisingizio cha mila. Sheria ilikuwa imeingia kijijini kwa mlango wa mbele, na mila ya mwaka 1963 ilikuwa bado imekaa barazani.

Sababu ya ugumu huo ni lazima isemwe bila kuoneana haya. Mwanamume maskini naye ni mnyonge: mlanguzi humpunja bei, na ofisini huambiwa arudi kesho. Lakini akifika nyumbani hupata ufalme mdogo ambao hakuulipia. Ufalme huo ndio kilevi chake. Kwa kuwa yupo mtu wa kumwamrisha, husahau kwamba naye anaamrishwa. Na kwa kuwa yapo mapato ya mkewe ya kuchukua, hana haraka ya kudai yale aliyopunjwa sokoni. Hivyo dhuluma ya nyumbani huilinda dhuluma ya nje. Jamii iliyozoea kuona nusu ya watu wake wakifanya kazi bila kumiliki haitashtuka inapoona wakulima au wafanyakazi wote wakitendewa vivyo hivyo.

Wapo wanaosema kwamba uchumi ukikua usawa utakuja wenyewe. Kahawa inakanusha hoja hiyo: fedha zilikuja, na zikaishia katika mfuko ule ule. Wapo pia wanaosema kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa mwezi Machi 2021 nchi ilipata Rais wa kwanza mwanamke. Hilo ni jambo la fahari, lakini Ikulu haigawi urithi wa migomba. Ugawaji huo hufanywa katika kikao cha ukoo, mara nyingi na wanaume peke yao, na baadhi yao wana kadi ya Chama mfukoni.

Hapo ndipo wajibu wa Chama ulipo. Halmashauri za vijiji zihakikishe kwamba hati za hakimiliki ya kimila zinaandikwa majina ya mume na mke. Vyama vya msingi vimwandikishe mkulima alimaye, si mwenye nyumba tu, na malipo yamfikie aliyetoa jasho. Wajumbe wanawake wa mabaraza ya ardhi wasiwekwe kwa ajili ya kutimiza hesabu, wasikilizwe. Na tawi linapomjadili mtu anayeomba uongozi, lisiridhike kuuliza anavyosema jukwaani, bali liulize pia wajane wa ukoo wake wanaishi wapi.

Kiongozi aliyemfukuza mjane wa nduguye shambani hawezi kuhubiri usawa akaaminika. Mapambano dhidi ya unyonyaji yalianza kwa kumtaja mnyonyaji kwa jina. Yataendelea pale mwanamume atakapokubali kwamba wakati mwingine jina hilo ni lake.