Demo haipimi lafudhi yako

Boom likichelewa, wengi wetu tunakimbilia kufundisha Kiingereza mtandaoni. Tukiitwa demo, tunakesha tukinyoosha lafudhi tusikike kama watangazaji wa BBC. Jamani, hapo ndipo tunapofeli. Anayekupima mara nyingi anaigiza mtoto mwenye maneno machache tu. Ukimmwagia maelezo, utakuwa umefundisha ukuta.

Mwonyeshe tufaha, litaje, kisha nyamaza umsubiri. Akilitaja, mpe sentensi fupi airudie. Usimuulize kama ameelewa, maana ataitikia "yes" tu, mwambie akuonyeshe. Mwisho wa somo, yeye awe ameongea kuliko wewe.

Ila tusidanganyane. Kampuni nyingine zinataka pasipoti ya Uingereza au Marekani, na hapo hata demo kali haikuokoi. Soma masharti kwanza. Halafu kumbuka mwaka 2021 China ilizuia kutumia walimu walio nje ya nchi kufundisha watoto mtandaoni. Kazi kibao zikayeyuka. Tena saa moja jioni Beijing ni saa nane mchana hapa, kipindi kinaendelea. Hiki ni kibarua cha kusukuma siku. Usikibadilishe na digrii.